Wiki nane, sio nne

Yule kaka alikuja getini siku ya 28. Najua ni ya 28 maana nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari langu la vipimo, mbele viuno na mabega ya wateja, kurasa za nyuma uzito wa watoto wa mbwa. Akasema dada nimesikia una watoto wa mbwa, nipe dume moja, boksi nimekuja nalo kabisa. Nikamuuliza haraka ya nini, akasema anamtaka akiwa bado mdogo hivyohivyo, amfungie bandani peke yake asione watu, ampe na pilipili kidogo kwenye uji, akikua awe mkali. Anajenga huko njia ya Mwandiga na vibaka wameshamwibia nondo mara mbili. Nikamwambia pole sana kaka yangu, ila hapa mtoto hatoki kabla ya wiki nane. Akatabasamu akaingiza mkono mfukoni, akadhani nataka hela.

Sikutaka hela. Nilitaka hizo wiki nne zilizobaki, na leo nataka nieleze kwa nini, maana kila nikilea watoto wa mbwa maneno ni yaleyale, dada si wanakula ugali tayari, dada si wanakimbia, unawang'ang'ania wa nini.

Mimi nalea mbwa kwa muda. Mbwa akiokotwa ana shida anakuja kwangu hapa Gungu, Kigoma, anatibiwa, anashiba, anapona, afu tunamtafutia mtu wa kuishi naye. Hatuna ofisi wala bango, ni watu wachache wenye grupu la simu na kila mmoja na chake, mmoja ana bajaji, mmoja ni daktari wa mifugo anapita jioni akitoka kazini, mwingine anauza samaki Kibirizi kwa hiyo vichwa vya samaki havikosekani. Mimi nina stoo iliyokuwa ya mkaa na nashinda nyumbani na cherehani yangu, ndio maana wenye mimba na wenye watoto wote wanaishia kwangu.

Watoto wa kwanza kabisa kuwalea walikuwa watano, na niliwatoa wakiwa na wiki tano. Nilikuwa sijui. Niliwaona wanene, wanakula ugali na dagaa, mama yao ameanza kuwakoromea wakitaka kunyonya, nikasema basi wameshakuwa. Wawili walikufa hazikuisha siku kumi huko walikoenda, walitapika na kuhara damu, daktari alipoelezewa dalili akasema hiyo ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, na walikuwa hawajachanjwa hata mara moja. Mwingine aliishi lakini aliishi peke yake kafungwa kamba kwenye mguu wa banda tangu siku aliyofika, na alipofikisha mwaka akamng'ata mtoto wa nyumba hiyohiyo mkononi. Mama wa yule mtoto ni mteja wangu, namshonea mpaka leo. Nashukuru Mungu shangazi mtu alikuwepo na alijua la kufanya, akaliosha lile jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15 nzima, afu siku ileile wakaenda hospitali mtoto akaanza sindano. Nawaomba sana mlishike hilo hata kama mbwa hamuwapendi, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa, kinachookoa ni kuosha na chanjo mapema, usisubiri kuona kama mbwa atakufa na usipake majivu wala mafuta ya taa.

Mtoto alipona. Mbwa alipigwa mawe mpaka akafa. Mimi huwa nawaza yule mbwa alikosea nini, maana hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kung'ata mwisho wake wapi, na wa kumfundisha walikuwa mama yake na ndugu zake, na mimi nilimtoa kwao wiki tatu kabla ya wakati.

Sasa nirudi kwa hawa wa juzi.

Mama yao alipatikana mwezi wa 11 mvua zikiwa ndio zimekolea, kwenye mtaro wa maji karibu na Kibirizi, nusu ya mwili iko kwenye tope na tumbo kubwa limemlemea hawezi kupanda. Wavulana wanaobeba dagaa ndio walimtoa, mmoja aliingia mtaroni mpaka kiunoni, wakamfunga kwenye turubai akaletwa na bajaji. Wanangu walipomwona wakamwita Liemba. Mkubwa alishafundishwa shuleni kwamba meli yetu ya Liemba ya Ziwa Tanganyika Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate, ikakaa chini ya maji mpaka ikainuliwa 1924, na 1927 ikaanza safari upya. Akasema mama na huyu ametolewa majini. Jina likakaa.

Alikuwa mifupa na tumbo. Vidole vyote vya miguu ya mbele vina funza, tukawatoa funza mmoja mmoja kwa sindano safi, tukamwosha, akawa anatetemeka ila hakunionyesha meno hata mara moja. Kupe alikuwa nao wengi na nikataka kumwogesha ile dawa ya ng'ombe, daktari akanikataza palepale kwenye simu, ana mimba na watoto watakuwa hapo chini yake, toa kwa mkono. Nikatoa kwa mkono siku tatu. Chakula nilimpa dona na dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, na mawese kidogo kwa juu, mara nne kwa siku kidogokidogo maana tumbo lilishabanwa na watoto. Kitunguu hapana kabisa, kinaharibu damu ya mbwa, kwa hiyo makombo ya mchuzi wetu hayaendi kwake. Na mjue bei ya dagaa ikipanda na chakula cha mbwa kimepanda, mwezi ukiwa mpevu watu hawaendi ziwani maana taa hazivuti dagaa kwenye mbalamwezi, kwa hiyo nanunua kabla naweka kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Yeye hatukujua ameanza lini, tukawa tunamwangalia tu. Jioni moja akakataa chakula, akaanza kufukua yale magunia kama anatafuta kitu, anahema, anazunguka, analala, anainuka. Umeme ulikuwa umekatika na mvua inapiga mabati huwezi kumsikia mtu aliye karibu yako. Wa kwanza alitoka saa nne usiku, wa mwisho saa tisa. Saba. Wa tano alitoka bado yuko ndani ya ile ngozi nyembamba ya mfuko wa kuzaliwa haijapasuka na Liemba alikuwa amechoka hakumgeukia, nikaipasua mimi kwa vidole, nikamfuta pua, nikamsugua na taulo mgongoni huku namwambia njoo baba njoo, na dakika ile ilikuwa ndefu kuliko usiku mzima. Akalia. Huyo ndiye niliyemfunga kitambaa cha kijani shingoni, tukamwita Kijani.

Wa saba alikuwa mdogo sana, gramu 160 kwenye mizani yangu ya keki, wakati wenzake walikuwa 280 mpaka 330. Nilimweka kwenye chuchu za nyuma ndio zenye maziwa mengi, nikamshikilia mwenyewe, nikijua ile siku ya kwanza lazima apate dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito, humo ndio kuna kinga anayorithi kwa mama, na utumbo unaipokea kama siku moja tu halafu mlango unafungwa. Alinyonya kidogo akaacha. Siku ya pili asubuhi nikamkuta wa baridi pembeni. Binti yangu alimzika chini ya mwembe na hakunisemesha mpaka jioni.

Baridi ndiyo inayowaua wengi na watu wanadhani njaa. Mtoto wa mbwa wiki mbili za mwanzo hawezi kujipasha joto mwenyewe, hata kutetemeka hajui, na akishapoa tumbo linasimama, ukimnywesha maziwa yanakaa pale hayasagiki. Kwa hiyo kwanza joto, ndio maziwa. Nilikuwa na chupa tatu za maji ya moto nazifunga kwenye vipande vya kanga, naziweka upande mmoja wa boksi tu ili mwenye kusikia joto asogee kwingine, naamka saa nane usiku na saa kumi na moja kubadilisha. Na ubao nimeupigilia kuzunguka ndani ya boksi, umeachwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani, mama akilala vibaya mtoto anajificha chini yake habanwi.

Mengine yote ni kazi ya Liemba na alikuwa fundi kweli. Watu wengi hawajui kwamba mtoto mchanga wa mbwa hawezi hata kukojoa mwenyewe mpaka mama amlambe tumbo, mpaka karibu wiki ya tatu. Ndio maana ukikuta vitoto havina mama ukavipa maziwa ya ng'ombe ukaishia hapo, vinakufa vimevimba. Na maziwa ya ng'ombe yenyewe ni mepesi kwao, ya mbwa yana mafuta na protini mara mbili na zaidi.

Kila asubuhi nilipima. Vile vitambaa vya rangi shingoni nilikata kwenye mabaki ya vitenge, nikawa nabadilisha kila baada ya siku mbili tatu maana shingo zinanenepa, na siku ya tisa wote sita walikuwa wamefika mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Siku ya 12 Kijani akafungua jicho moja. Moja tu, la kushoto, la bluu kama moshi, akakaa nalo hivyo mpaka kesho yake. Siku ya 14 dawa ya minyoo, maana minyoo wanazaliwa nayo, inapita kwa mama kabla hawajazaliwa na tena kwenye maziwa, na baada ya dawa ilitoka kama tambi, nikaifukia mbali na nikawaosha wanangu mikono mpaka wakalalamika, hiyo minyoo ikiingia kwa mtoto wa mtu nayo ni balaa. Dawa tukarudia kila baada ya wiki mbili.

Sasa jirani yangu. Ni bibi wa Kiujiji, nyumba yake na yangu zinagawana ukuta, na mbwa kwake ni najisi, mate yakimgusa lazima aoshe mara saba na moja iwe na udongo. Nilimwendea mapema kabla watoto hawajaanza kutembea, nikamwambia shikamoo bibi, nina mzigo huu nyumbani, nitaweka wavu ukutani na hakuna atakayefika kwenye uwanja wako. Akaitikia marahaba mjukuu wangu, akanyamaza kidogo, akaniuliza wanakula nini. Nikamwambia. Akanihadithia habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akapanda nacho meno yamekibana, akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Akasema mimi sitawagusa, lakini kila Ijumaa tuma mtoto. Kila Ijumaa binti yangu alirudi na mfuko wa vichwa vya migebuka, samaki wa ziwa letu. Mpaka leo hajawahi kuwagusa na hajawahi kukosa Ijumaa.

Basi siku ya 28 ndio yule kaka akaja na boksi lake.

Nilimkaribisha ndani. Nikamwambia kaa hapo kwenye ndoo uangalie tu. Walikuwa wanacheza, Kijani kamng'ata Nyekundu sikio, Nyekundu akalia kwa nguvu akaacha kucheza akaondoka zake, Kijani akabaki peke yake anashangaa. Dakika moja baadaye akamfuata, akamng'ata tena, safari hii taratibu. Nikamwambia umeona? Hilo ndilo darasa. Wanajifunza kiasi cha jino, na mwalimu ni kilio cha ndugu yake, na wanalirudia mara mia kwa siku mpaka wiki ya saba ya nane. Mimi siwezi kumfundisha hilo na wewe huwezi. Ukimchukua leo ukamfungia peke yake hatakuwa mkali, atakuwa mwoga mwenye meno, na mbwa mwoga hachagui, atamng'ata mwanao kabla ya kibaka. Mbwa mlinzi anatakiwa amjue mwenye nyumba, ajue mtoto ni mtoto na mgeni aliyekaribishwa ni mgeni, ndio atamtambua yule aliyeruka ukuta. Na pilipili haiingii kwenye akili, inaingia tumboni, inamuumiza basi.

Nikamweleza na yale ya parvo. Kinga ya mama inapungua polepole na chanjo inaanza wiki ya sita mpaka ya nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike kama wiki 16, sasa ukimtoa wiki ya nne, huko barabarani atakuwa na nini? Alikaa kimya. Akaondoka na boksi tupu, sikujua kama atarudi.

Wiki zile nne zilizofuata ndizo ninazozipenda kuliko zote na ndizo zinazochosha. Kati ya wiki ya tatu na ya 12 mtoto wa mbwa anaandika kichwani kwake vitu vya kawaida ni vipi, na ambacho hakukiona kipindi hicho atakiogopa ukubwani. Kwa hiyo niliwaletea dunia pale uani. Bodaboda ya mume wangu ikawashwa pembeni yao wakati wanakula. Honi ya treni ikilia stesheni nawapa dagaa mojamoja. Nilimwomba mzee mmoja mteja wangu, mstaafu wa reli, aje na bakora yake akae tu asifanye kitu, wamzoee mtu anayetembea na fimbo. Wakaja watoto wa shule na sare zao, mama mmoja na mzigo kichwani, mwingine na buibui jeusi linapepea, fundi na kofia ngumu. Cherehani yangu ikawa ndiyo bembelezo lao, nikikanyaga wanalala. Kila mmoja alibebwa na mikono tofauti kila siku, akaguswa masikio, vidole, mdomo, ili siku daktari akimshika asione kifo.

Wakati huohuo nasikia mitaa fulani mbwa wazururaji wanapigwa risasi au kuwekewa sumu, na naelewa hofu ya watu, mimi mwenyewe nimeona mtoto ameng'atwa. Lakini nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, mnyama ana haki ya kutoteswa, na wale mbwa wa mtaani hawakushuka na mvua. Ni majike yaliyotupwa. Kila mtu anayekuja kwangu anataka dume. Jike anaachwa sokoni, akifika miezi sita au zaidi kidogo anashika joto, anazaa kwenye mtaro, na watoto wake hakuna aliyewabeba hata mmoja kwenye hizo wiki za kuandika kichwani. Tunawaua kwa hofu ambayo sisi wenyewe tumewapandia.

Hawa sita walikuwa madume wawili na majike wanne. Masharti yangu ni matatu na nayasema usoni, aje kuchomwa chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu, jike aje afungwe kizazi, na akikushinda umrudishe kwangu usimtupe. Wawili wa kike walienda pamoja kwa mkulima mmoja mwenye shamba la michikichi. Mmoja yuko Katonga analinda nyavu na mwenye nyavu anasema analala juu ya mtumbwi. Mmoja alichukuliwa na yule mzee wa reli, alisema alikuja kukaa na bakora tu lakini yule wa kitambaa cha njano akawa kila siku analalia kiatu chake. Nyekundu akaenda kwa mlinzi wa shule.

Na yule kaka alirudi. Siku ya 56 asubuhi, ameshika kola ya ngozi aliyoitengenezesha kwa fundi viatu, na boksi hana. Alichuchumaa mlangoni bila kuambiwa. Kijani akaenda mwenyewe akamnusa mkono, akamshika kidole kwa meno, taratibu, akakiachia. Yule kaka alinitazama asiseme kitu. Juzi kanitumia video, Kijani amekaa juu ya rundo la matofali, mtoto wa fundi anapita pembeni yake na ndoo na wala hainuki, halafu pikipiki ngeni inasimama getini anainuka anabweka, sauti imeshakuwa nzito. Chanjo ya kichaa alishampeleka. Pilipili nilimuuliza, akasema dada yaishe.

Aliyebaki ni Liemba. Maziwa yalikauka, akafungwa kizazi, mshono umepona vizuri, manyoya yamerudi na kumbe rangi yake ni ya asali, lile tope lilituficha. Daktari kaangalia meno kasema ana kama miaka mitatu. Mbwa mkubwa wa kike watu hawamuulizii kabisa, wanapita wanasema mzuri huyo, watoto wake wako wapi.

Kwa hiyo nimwelezee kama alivyo. Hapendi fagio likinyanyuliwa juu, liburute tu chini. Mvua ikipiga sana mabati anataka mtu aingie naye ndani, hata kimya inatosha. Kuku hawagusi. Watoto anawapenda mno, wa kwako atawalamba mpaka uchoke. Anafaa kwa mtu anayeshinda nyumbani na ua wenye geti linalofungwa, na kama kazi yako ni ya kukaa ndio kabisa, maana hata sasa hivi naandika hapa kichwa chake kiko juu ya mguu wangu kwenye pedeli na siwezi kushona. Njoo Gungu umwone bila haraka, mara mbili tatu, ukiwa tayari nitamleta mwenyewe na kanga anayolalia.